Maua yako ni dawa, yasiwe sumu kwa mwenzako

Asubuhi moja ya Aprili, mvua ya masika ikiwa imekolea, mama mmoja aliingia katika kliniki yangu akimkokota mwanamume kwa mkono. Mama huyo namjua vyema. Ni mgonjwa wangu wa presha kwa miaka kadhaa, ana kazi nzuri ya ofisi, na anaishi upande wa Tigoni, Limuru, katika nyumba yenye uwanja mkubwa. Mwanamume aliyemkokota alikuwa mfanyakazi wake wa shamba.

"Daktari, huyu kijana wangu amelewa asubuhi yote hii," aliniambia kabla hajaketi. "Nimemkuta amejilaza kando ya maua, mate yanamtoka kama mtoto mchanga. Nimemleta kwa ajili ya utu tu. Mpe kitu kisha nimrudishe kwao."

Nilimkaribia mgonjwa. Harufu ya pombe haikuwapo. Palikuwa na harufu nyingine kali, inayokaribia ile ya kitunguu saumu. Jasho lilimtiririka ingawa siku yenyewe ilikuwa ya ukungu na baridi. Mboni za macho yake zilikuwa zimesinyaa zikawa ndogo kama tundu la sindano. Moyo ulipiga polepole. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni tu, na mvua hainyeshei mtu mgongoni peke yake.

"Ulikuwa ukipuliza dawa?" nilimwuliza.

"Ndiyo, daktari. Ya maua. Tangu jana. Ile pampu inavuja kidogo."

Tulimvua nguo zote mara moja, tukamwosha kwa sabuni na maji mengi, tukamdunga atropini, kisha akapelekwa hospitali kubwa akalazwa. Alipona. Baadaye nilijua kwamba "kijana" huyo ana mke na watoto wawili, na kwamba hakuwa amegusa pombe hata tone.

Lakini jambo lililoninyima usingizi usiku ule lilikuwa lingine. Mwezi mmoja kabla ya hapo, mimi mwenyewe nilikuwa nimemshauri mama huyo apande maua. Presha yake ilikuwa imekataa kushuka, hakuwa na mazoezi yoyote, na usiku alikuwa akikosa usingizi kwa mawazo ya kazi. Nilimwambia, pamoja na tembe na kupunguza chumvi, atafute kazi ya mikono nje ya nyumba. Mvua inakuja, nikamwambia, chukua jembe utengeneze matuta ya maua. Mama alinisikia. Alinunua miche, akanunua mbolea, akanunua dawa mbili tatu kutoka duka la agroveti. Kisha vyote hivyo akamkabidhi mfanyakazi wake, naye akakaa barazani kuyangoja maua yachanue. Ushauri wa daktari ulikuwa umefuatwa barabara, ila na mtu ambaye hakuwa mgonjwa.

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Katika mitaa mingi ya Nairobi na viunga vyake kuna bustani za kupendeza ambazo ukizichunguza utakuta mambo ni hayo hayo. Mwenye nyumba hupata uzuri wa macho. Mfanyakazi hupata maumivu ya mgongo, kidonda cha mguu na sumu ya mgongoni. Maoni yangu ni kwamba jambo hili ni baya kwa wote wawili, na kwamba masika yajayo linaweza kubadilishwa bila gharama kubwa.

Faida iko kwenye jembe

Nianze na mwenye nyumba. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, linapendekeza kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na angalau siku mbili afanye kazi ya kutumia nguvu za misuli. Wakazi wengi wa mjini husikia neno mazoezi wakafikiria jumba la mazoezi lenye ada ya kila mwezi, au kukimbia barabarani alfajiri huku wakihofia matatu na wezi. Wengi huanza kwa bidii mwezi wa Januari, na kufikia Machi wamechoka.

Kulima, kupalilia, kusukuma wilibaro na kubeba ndoo ya mboji ni mazoezi ya wastani yanayohesabika. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, hutimiza zile dakika 150. Aliye na presha, aliye na kisukari cha ukubwani, aliyeongezeka uzito, wote hufaidika na mwendo wa namna hii. Isitoshe, bustani ina jambo moja ambalo mashine ya mazoezi haina: ukiacha kwa wiki moja, maua yatakudai. Mche uliopandwa Jumamosi unataka kuangaliwa Jumanne. Mtu hurudi bustanini bila kujilazimisha.

Siwezi kusema kwamba kuyatazama maua hakuna faida. Mwaka wa 1984, mtafiti Mmarekani Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science uchunguzi wake kuhusu wagonjwa waliopasuliwa ili kuondolewa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Wale ambao dirisha lao lilitazama miti walitoka hospitalini mapema kidogo, na walihitaji dawa chache za maumivu makali, kuliko wenzao ambao dirisha lao lilitazama ukuta wa matofali. Kwa hivyo jicho nalo lina dawa yake. Lakini mishipa ya damu haifanyi mazoezi kwa kutazama. Anayetaka presha ishuke hana budi kuinama, kuchuchumaa, kuchimba na kutoka jasho yeye mwenyewe.

Baridi, unyevu na kishawishi cha kupuliza

Sasa msomaji atauliza: kwa nini sumu nyingi hivyo kwa ajili ya maua? Jibu liko katika hali ya hewa ya kwetu nyanda za juu.

Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua ya masika huanza Machi hadi Mei. Baada yake huja kipupwe, Juni hadi Agosti, ambapo jua linaweza kufichwa na mawingu siku baada ya siku, na majani hukaa yamelowa hadi saa tano za mchana. Kisha vuli huja Oktoba hadi Desemba. Maua hupenda maji, lakini kuvu hupenda majani yaliyolowa zaidi. Mizizi iliyozama majini huoza. Koa na konokono hutoka usiku wakala miche michanga hadi kwenye shina. Mwenye bustani akiona madoa kwenye majani hukimbilia duka la agroveti. Dawa hupulizwa leo, mvua huiosha kesho, naye mfanyakazi huambiwa apulize tena keshokutwa. Hivyo ndivyo unyevu unavyogeuka kuwa sumu mwilini mwa mtu.

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya magonjwa haya ya maua huzuiwa kwa jembe, kabla chupa haijafunguliwa. Mimi si mtaalamu wa kilimo, lakini nimelima maua yangu kwa miaka mingi katika baridi hiyo hiyo, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, inua tuta. Chimba udongo kina cha sentimita 30 hivi, uchanganye na mboji iliyooza kabisa, kisha uinue tuta lako sentimita 15 hadi 20 juu ya ardhi ili maji yapate pa kwenda. Udongo mwekundu wa Limuru na Kikuyu hupitisha maji vizuri kwa kawaida. Anayeishi Embakasi au sehemu za Lang'ata zenye ule udongo mweusi unaonata anahitaji tuta refu zaidi, la sivyo maua yake yatasimama kwenye bwawa. Usilime udongo ukiwa umelowa chepechepe. Utaushindilia uwe kama tofali. Ukiufinya mkononi ukatoa maji, ngoja siku mbili.

Pili, upana wa tuta usizidi sentimita 120. Hivyo utafika katikati kutoka kila upande bila kukanyaga udongo, na mgongo wako hautanyooshwa kupita kiasi.

Tatu, panda kwa nafasi. Watu wengi hutaka tuta lijae siku ile ile, wakabana miche kama abiria wa jioni. Hewa isipopita kati ya majani, kuvu hukaribishwa. Acha sentimita 20 hadi 30 kulingana na ukubwa wa ua lenyewe.

Nne, chagua maua yanayovumilia baridi. Pansi, primula na kalendula hustahimili kipupwe. Begonia na zile impatiensi hufaa penye kivuli. Marigoldi hufanya vizuri mvua ikipungua na jua likitoka. Petunia zenye maua makubwa hupendeza sana dukani, lakini mvua kubwa huyageuza maua yake yakawa kama karatasi iliyolowa. Dalia ni nzuri mno, ila kiazi chake huoza mahali pasipopitisha maji.

Tano, fuata kalenda. Sia mbegu kwenye trei mwezi wa Februari, chini ya paa, uhamishe miche mwishoni mwa Machi au Aprili mvua ikisha kutulia. Kwa vuli, sia Agosti au mapema Septemba. Mche ulioanza na nguvu hauhitaji daktari kila wiki.

Sita, maji ya kunyunyiza, siku ambazo mvua imekosa, yamwagwe asubuhi kwenye shina, si jioni juu ya majani. Majani yenye madoa yang'olewe na kutupwa mbali. Koa waokotwe usiku kwa tochi, au watiliwe bia kidogo kwenye kisahani kilichozamishwa ardhini. Huingia wakafa humo. Jivu husaidia likiwa kavu tu, kwa hivyo msimu wa mvua usilitegemee.

Mwenye kufanya hayo sita huenda asiguse pampu msimu mzima. Nayo ni kazi ya dakika zile zile 150 nilizozitaja.

Sumu hupitia ngozini

Kuna watu wanaodhani kwamba sumu ya kupuliza huingia kwa pua na mdomo pekee. Wakifunga kitambaa usoni huona wamejikinga. Kwa mpulizaji, njia kubwa mara nyingi ni ngozi. Pampu inayovuja hulowesha mgongo, shati huigandisha sumu hapo kwa saa nyingi, na jasho pamoja na mikwaruzo midogo huifungulia mlango. Mikono isiyo na glavu ndiyo hupima na kukoroga dawa ikiwa bado haijatiwa maji, yaani inapokuwa kali kuliko wakati wowote.

Dawa nyingi za kuua vidukari na wadudu wengine zinatoka katika jamii iitwayo oganofosfeti. Katika mwili wetu kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzima ishara ya neva ikishafika inakokwenda. Sumu hiyo hukifunga kimeng'enya hicho. Neva basi hazinyamazi. Ndiyo sababu mgonjwa hutokwa na mate, machozi na jasho, tumbo husokota, huhara, mboni husinyaa, misuli hutetema, na hali ikizidi kifua hujaa maji na pumzi hukatika. Hili ni jambo la dharura, na kila dakika ina thamani.

Wapo pia wanaopokea sumu kidogo kidogo. Hawa hawaanguki. Huja wakilalamika kichwa, kizunguzungu, uchovu na kichefuchefu. Hapa lazima nikiri kosa letu sisi madaktari. Ni wangapi tumewaandikia dawa za malaria, katika sehemu za baridi ambako malaria ni nadra, kwa sababu hatukuuliza swali moja tu: "Unafanya kazi gani, na jana ulifanya nini?"

Dawa za kuvu nazo si maji ya matunda. Mankozebu, ambayo hutumika sana kwa viazi, nyanya na maua, ilinyimwa idhini mpya na Umoja wa Ulaya mwaka wa 2020 kwa hofu ya madhara yake kwa uzazi na homoni. Chenga za kuua koa zenye metaldehaidi, ambazo mbwa na watoto huweza kuzidhania chakula, zilipigwa marufuku kutumiwa nje ya nyumba nchini Uingereza mwaka wa 2022. Sisemi kila chupa iliyo dukani itaua mtu. Nasema kwamba doa kwenye jani la pansi si sababu ya kutosha ya kumlowesha binadamu mgongo.

Kama hapana budi kupuliza, soma kibandiko. Ukanda wa rangi ulio chini ya kibandiko una maana yake: nyekundu ni hatari kuu, manjano hufuata, kisha buluu, kisha kijani. Kwa bustani ya nyumbani sioni sababu ya kununua chenye ukanda mwekundu hata siku moja. Hata zile dawa zitokanazo na pareto, ua ambalo kwa miaka mingi Kenya iliongoza duniani kwa kulikuza, na ambazo kwa binadamu ni nafuu kuliko nyingi, huua nyuki na samaki. Nazo zataka glavu.

Na tafadhali, sumu isihamishiwe katika chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma harufu. Akinywa, usimtapishe, wala usimpe maziwa ukidhani yatazima sumu. Imani hiyo imewachelewesha wengi. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe, umkimbize hospitali, na ubebe chupa yenyewe au kibandiko chake ili daktari ajue anapambana na nini.

Udongo na majani navyo vina yake

Nisije nikamtia msomaji hofu akaacha jembe kabisa, lakini lazima niseme mambo mawili zaidi.

La kwanza ni pepopunda. Viini vyake hukaa kwenye udongo na samadi kwa miaka mingi, vikingoja kidonda. Mwiba wa waridi, uma wa bustani uliomchoma mtu mguuni, msumari kwenye ubao wa kuzungushia tuta, vyote hivyo vinatosha. Ugonjwa huanza siku tatu hadi 21 baada ya jeraha, mara nyingi kidonda kikiwa kimekwisha kusahauliwa. Taya hukaza, mgongo hupindika. Akina mama wengi walipata sindano za pepopunda walipokuwa waja wazito. Wanaume wengi hawajadungwa tangu utotoni. Muulize mfanyakazi wako alidungwa lini. Na wewe je, ulidungwa lini? Aliyekamilisha sindano za mwanzo ahitaji nyingine baada ya miaka kumi, na akipata kidonda kichafu ikiwa miaka mitano imepita, adungwe tena. Buti za mpira na glavu ngumu ni bei ndogo mno kulinganisha na kitanda cha wagonjwa mahututi.

La pili ni maua yenyewe. Kuna maua ya kupendeza yanayoua. Lile ua kubwa jeupe au la manjano lililoning'inia kama tarumbeta, ambalo watu wengi wa Kiambu hulifanya ua la boma, lina sumu katika kila sehemu yake: mtoto akilitafuna hupanuka mboni, huwewesseka na moyo wake huenda mbio. Olianda, ya waridi na ya manjano, huvuruga mapigo ya moyo. Vivyo hivyo foksglavu, ambayo hupenda baridi na unyevu. Majani yake, kabla haijachanua, hufanana na ya komfre, na katika nchi mbalimbali watu wamewahi kuyachanganya wakayachemsha kama chai na kuugua vibaya. Ajabu ni kwamba kutokana na ua hilo hilo tulipata dawa ya moyo. Daktari Mwingereza William Withering aliandika juu yake mwaka wa 1785, na dawa ya digoksini inayotokana na jamii hiyo ya mimea inatumika hadi leo. Alichosisitiza Withering ni kipimo. Palipo na watoto wadogo, panda kingine.

Haki ya anayelima

Sasa nirudi kwa yule mfanyakazi aliyelowa mgongo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wanaokutana na vitu vyenye madhara mavazi na vifaa vya kujikinga vinavyofaa. Haikusema kwamba mfanyakazi ajinunulie. Lakini hata sheria isingekuwapo, jambo lenyewe ni la haki. Mtu aliyetumia maelfu ya shilingi kwa miche na mbegu asishindwe na ovaroli, buti, glavu za mpira na pampu isiyovuja.

Najua majibu nitakayopewa. Wengine watasema, "Daktari, nimempa glavu, hataki kuzivaa." Huenda ni kweli. Lakini je, ulimweleza ni kwa nini? Ulimsomea kibandiko kilichoandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu? Ulimpa maji na sabuni ya kuoga baada ya kazi, au alienda nyumbani na nguo zile zile akambeba mtoto wake?

Wengine watasema hawana wakati. Hao huwa nawauliza wanatazama televisheni saa ngapi kwa siku, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Hata hivyo nakubali kwamba yuko anayetoka Limuru saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku kwa sababu ya msongamano wa magari. Kwake nasema Jumamosi na Jumapili zinatosha kuanza. Tuta moja, mita mbili kwa moja, halimshindi mtu.

Jibu zito zaidi nililopewa ni hili: "Nikilima mwenyewe, yule kijana atakula nini?" Hili si swali la mzaha. Kazi za shamba zinalisha watu wengi katika mji huu, na singependa kuandika makala itakayomfanya mtu afutwe kazi. Ninachosema ni kwamba mlime pamoja. Yeye ana ujuzi ambao huna. Wengi wao wamekulia kwenye mashamba na wanaujua udongo kuliko wewe na mimi. Achimbe pale pagumu, nawe upande, upalilie, uokote koa. Utajifunza mengi, naye hatapuliza sumu kwa sababu tu bosi wake aliona doa kutoka barazani. Anayelifahamu jembe kwa mkono wake mwenyewe hamtumi mtu kufanya jambo ambalo yeye hangelifanya.

Nawashauri pia madaktari wenzangu. Tunapomwambia mgonjwa afanye bustani, tumweleze kipimo kama tunavyoeleza kipimo cha tembe: afanye nani, dakika ngapi, kwa siku ngapi, na ajihadhari na nini. Mimi sikufanya hivyo. Nilisema "panda maua" nikaona nimemaliza. Kosa lilikuwa la mama, lakini lilikuwa langu pia.

Aliye na maumivu ya mgongo au magoti asidhani makala haya hayamhusu. Tuta linaweza kuinuliwa kwa mbao au mawe hadi kimo cha kiuno, akalima akiwa amesimama au ameketi kitini. Aliye na ugonjwa wa moyo amwone daktari wake kwanza, aanze na dakika kumi, aongeze polepole. Na yeyote akisikia maumivu ya kifua au kukosa pumzi, aweke jembe chini na atafute msaada.

Yule mama alirudi kwangu mwezi wa Septemba. Presha yake haijaisha, wala sitadai kwamba maua yameiponya. Tembe zake bado anazimeza kila asubuhi. Lakini ilikuwa imeshuka kuliko nilivyowahi kuiona, na alisema analala vizuri. Nilitazama mikono yake. Kucha zilikuwa na udongo mwekundu ambao maji ya bomba hayakuweza kuutoa.

"Nani alisia mbegu za vuli?" nilimwuliza.

"Mimi na Baba Wanjiru," alijibu.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akimwita mfanyakazi wake kwa jina la mtu mzima. Nilimpima presha tena kuhakikisha, nikamwambia aendelee na dawa zote mbili.